Kiongozi Anayekubali Kuulizwa: Mwongozo wa Uongozi wa Kikristo Nyumbani na Kazini

Jumamosi moja, saa kumi na moja jioni, kijana aliyekuwa akinipigia msasa alikuja akasimama mlangoni pa karakana. Alikuwa ameshanawa uso, lakini vumbi la mbao lilikuwa bado limekaa kwenye nyusi. Mkononi alishika kikapu cha ukindu kitupu. Nilijua anachongojea. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo Jumatatu. Mteja bado hajanilipa." Akaitikia, "Haya, mzee," akaenda zake.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu kusoma somo kanisani. Nilisoma vizuri tu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, jua la Malindi la saa saba likichoma utosini, mke wangu akaniuliza kama yule kijana nimemlipa. Nikamjibu vilevile, kwamba mteja hajalipa. Akanyamaza hatua kadhaa, kisha akasema, "Na huyo mteja ni wa yule kijana, au ni wako?"

Alasiri nikapanda bodaboda, nikavuka daraja la Sabaki, nikamtafuta kwao. Bibi yake, hawe kama tunavyosema kwa Kigiriama, alizipokea zile pesa kwa mikono miwili. Akaniambia bila ukali wowote, "Ahsante mwanangu. Jana tulikunywa chai ya rangi, tukalala."

Mimi ni fundi wa samani. Nimekuwa kibarua, nimekuwa msimamizi chini ya matajiri wa watu, na sasa nina mafundi wachache wanaonitazama mimi kila Jumamosi. Kanisani nimewekwa kuwa mzee. Haya ninayoandika nimeyajaribu nyumbani na karakanani kwa miaka, na mengine niliyakosea kwanza ndipo nikayajua. Jambo moja linayashika yote: mamlaka ya mzazi au ya mwajiri ni amana, na mwenye kuwekewa amana huulizwa. Kiongozi Mkristo hujiweka mwenyewe mahali ambapo mke, mtoto na kibarua wanaweza kumwuliza, na akiulizwa hujibu.

Hatua ya 1: Ijue nafasi uliyopewa

Kabla ya kupanga lolote, kaa na Marko sura ya 10, mstari wa 35 hadi 45. Yakobo na Yohana wanaomba viti, mmoja kuume na mmoja kushoto. Wale kumi wakisikia wanakasirika, na nadhani walikasirika kwa sababu nao walivitaka. Yesu anawaita wote, anawaeleza jinsi wakuu wa mataifa wanavyowatumikisha watu wao, kisha anawaambia kwao isiwe hivyo: anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi. Yeye mwenyewe, asema, alikuja kutumika na kuutoa uhai wake.

Halafu soma Yohana 13. Sisi watu wa pwani miguu tunaijua. Viatu vinaachwa mlangoni, kwa hiyo mgeni akiingia miguu yake unaiona: vumbi jeupe la matumbawe, tope la masika, ufa wa kisigino. Kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya mtumishi wa mwisho kabisa nyumbani. Yesu aliifanya akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi, na aliwaosha wote, Yuda akiwa amekaa palepale.

Hapa kwetu Malindi tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na ile nguzo ya Wareno yenye msalaba bado imesimama kwenye mwamba juu ya bahari. Kuna na kanisa lao dogo lililoezekwa makuti, ambalo watu hulihusisha na safari ya Fransisko Saveri aliyepita hapa mwaka 1542 akielekea Bara Hindi. Msalaba ulifika mji huu ndani ya merikebu zenye mizinga. Jirani yangu Mwislamu ana haki ya kunitazama kwa makini nikipewa madaraka, na sioni ubaya wowote katika kutazamwa huko.

Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, andika jina la kila mtu aliye chini yako kwa namna yoyote: mwenzi wako ikiwa wewe ndiye unayeshika pesa, kila mtoto, mdogo wako unayemsomesha, dada wa kazi, fundi, kibarua wa siku. Mbele ya kila jina andika anachokutegemea. Kisha zungushia wino majina ya wale ambao hawawezi kukudai jambo bila kuogopa. Mimi nilipofanya mara ya kwanza nilizungushia karibu wote, na karatasi ile naihifadhi ndani ya Biblia hadi leo. Kazi yako yote katika hatua zinazofuata ni kwa ajili ya hao waliozungushiwa.

Hatua ya 2: Anza nyumbani, kwa kikao cha kila wiki

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa la Mungu (1 Timotheo 3:4–5). Kwa hiyo usianze na ofisi. Anza na meza ya chakula.

Wanaume wengi wameshika Waefeso 5:22, kwamba mke amtii mume. Rudi mstari mmoja nyuma, wa 21, unaowaagiza wote kunyenyekeana. Kisha endelea hadi wa 33, uhesabu mistari anayoambiwa mume na anayoambiwa mke. Mume ndiye aliyepewa maagizo marefu, na kipimo alichopewa ni Kristo aliyejitoa. Ukitaka kuitwa kichwa cha nyumba, hapo ndipo pa kuanzia.

Kikao chetu sisi ni Jumapili jioni, watoto wakishalala au wakiwa kwenye masomo yao. Tunakaa barazani na daftari moja la kurasa mia. Simu zinabaki ndani mpaka ifike zamu ya fedha. Tunaomba kwa ufupi sana, kwa sababu maombi marefu huweza kuwa njia ya kukwepa mazungumzo. Tunasema jambo moja la kushukuru kila mmoja. Halafu fedha: zilizoingia, zilizotoka, zinazodaiwa. Kila mmoja anafungua M-Pesa yake na mwenzake anaiona. Halafu watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mwisho linakuja swali ambalo anayeshika nguvu zaidi ndiye huuliza kwanza: "Wiki hii nimekukosea wapi?" Akishaulizwa, mwenzake anasema, na wewe unafunga kinywa mpaka amalize. Hujitetei siku hiyo. Unaandika, unashukuru, unalala nalo. Ukiwa na maelezo, yatoe kesho, na mara nyingi kesho utakuta hayana haja.

Upande wa fedha nitakaa kidogo, maana ndipo ndoa nyingi za huku zinapovunjikia. Malindi inaishi kwa misimu. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, wageni wamejaa, bahari imetulia, mvuvi anapata, dereva wa tuktuk anapata, mimi napata oda za vitanda na viti vya hoteli. Masika yakiingia na kusi ikianza, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na bahari inachafuka. Familia inayotumia pesa za Januari kana kwamba mwaka mzima ni Januari itakopa unga mwezi wa tano.

Kwa hiyo gawanyeni pesa za msimu siku zinapoingia. Tuseme Desemba umeingiza shilingi 60,000. Sisi tungetoa kwanza fungu la Mungu, kisha 20,000 zinakwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuzitoa peke yake, kama akaunti ya sahihi mbili au chama cha kuweka akiba ambacho wote tumo. Hizo ni za mwezi wa tano. Karo ya muhula wa kwanza inalipwa kabla ya Krismasi. Inayobaki ndiyo ya kula na kuvaa. Jambo la maana ni kwamba mpango huo umefanywa na wawili. Mume anayepanga vizuri peke yake bado amemwacha mkewe gizani, na siku akiugua au akifa, mke ataanza kutafuta vitabu na madeni akiwa msibani.

Na hili niliseme waziwazi: mkono ukishainuliwa juu ya mke, hakuna uongozi hapo wa kujadili. Tangu 2015 Kenya ina sheria mahususi ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na nambari 1195 hupigwa bila malipo; kwa mtoto ni 116. Mzee wa kanisa anayemwambia mwanamke aliyepigwa arudi nyumbani akavumilie ameitumia Biblia vibaya. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo, sikusema kitu, na ninajuta.

Hatua ya 3: Waachie watoto nafasi ya kusema

Wakolosai 3:21 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hata wakavunjika moyo. Mtoto aliyevunjika moyo hana kelele. Anakuamkia shikamoo, anakuletea maji ya kunawa, na hakuambii kitu.

Siku moja nilimfokea binti yangu mbele ya wageni kwa kuchelewa kurudi kutoka kisimani. Baadaye mama yake akaniambia alikuwa amembebea ndoo jirani mjamzito. Nilitaka kumwita, lakini wageni walikuwa wameshaondoka, kwa hiyo nikangoja hadi walipokuja tena wiki iliyofuata. Mbele yao nikasema, "Mwanangu, nilikukosea hapahapa mbele za watu, nisamehe." Alitazama chini akikunja pindo la leso yake. Lakini tangu siku hiyo ndiye mtoto anayeniambia mambo.

Ombi la msamaha litolewe mahali kosa lilipofanyika, mbele ya walioliona. Usiongeze "lakini na wewe".

Katika mji wa wageni kama wetu kuna swali ambalo mzazi lazima awe na ujasiri nalo. Mtoto akija na simu mpya au noti asizoeleza zilikotoka, muulize siku hiyohiyo, kwa sauti ya chini, na umsikilize hadi mwisho. Usiipokee pesa hiyo nyumbani kwanza halafu uulize. Mzazi aliyekwisha kununua unga kwa pesa hizo amejifunga mdomo, na pengine mtoto alikuwa akitamani kuulizwa.

Hatua ya 4: Lipa kabla jua halijatua

Kumbukumbu la Torati 24:14–15 inamwagiza mwajiri amlipe kibarua maskini siku ileile, jua lisije likatua kabla hajalipwa, kwa maana moyo wake unaitegemea pesa hiyo. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Nilikuwa nimesoma mistari hiyo mara nyingi kabla ya Jumamosi ile ya kikapu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakaa karibu sana na Torati hapo. Kifungu cha 18 kinasema kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku za kufikia mwezi mmoja au zaidi anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama wewe bado unamwita kibarua. Kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikiwe mkataba. Kila siku saba, moja ya kupumzika. Baada ya mwaka, likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo. Mama akijifungua ana miezi mitatu, baba ana wiki mbili. Ukimkata mtu pesa za bima ya afya ya SHA, ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara, au za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, zipeleke. Fundi wako akifika hospitalini akaambiwa hajachangiwa, aibu ni yako.

Wengi watasema, "Napenda kulipa, lakini pesa haipo." Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kukubali oda. Luka 14:28 inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi akahesabu gharama. Basi fanya hivi.

Usianze kazi bila nusu ya malipo. Mteja akilalamika mweleze kwa upole kwamba nusu hiyo ni mbao na mikono ya watu. Siku nusu hiyo inapoingia, kabla ya kununua hata ubao mmoja wa mwembe, toa ujira wa siku zote za kazi hiyo uuweke kwenye bahasha au kwenye laini tofauti ya M-Pesa. Andika juu yake: si yangu. Ukipungukiwa vanishi, chelewesha vanishi. Ukipungukiwa faida, wewe ndiye wa kungoja. Mwaka wa kwanza nilipoanza utaratibu huu nilipoteza wateja wawili waliokuwa wamezoea kuchukua kwanza na kulipa watakapotaka. Mafundi hawakuondoka hata mmoja.

Na ikitokea kweli hakuna, usimwambie mtu saa kumi na moja jioni akiwa na kikapu mkononi. Mwambie asubuhi, ili achague kama atafanya kazi siku hiyo. Kisha taja siku na saa ya kulipa, na uifikishe.

Hatua ya 5: Gawa madaraka kwa mipaka inayojulikana

Kutoka 18 ni sura ninayoipenda kwa sababu ushauri ulitoka kwa mkwe. Yethro alimkuta Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia jambo alifanyalo si jema, atajichosha yeye na watu. Musa akasikia. Wakawekwa wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaomcha Mungu na kuchukia mapato ya hila, na yale mazito tu ndiyo yakaja kwa Musa.

Ukimpa mtu kazi mpe na mamlaka yake, uyataje: jambo gani, hadi kiasi gani, na siku gani utaangalia. Msimamizi wangu anaweza kutumia hadi shilingi 5,000 bila kuniuliza, akiweka risiti kwenye kopo. Zaidi ya hapo anapiga simu. Ijumaa tunalimwaga kopo mezani. Katikati ya wiki sichungulii. Akikosea ndani ya mipaka niliyompa, hasara ni yangu, na mbele ya mteja nasema "tumekosea".

Nyumbani ni vilevile. Mtoto wa miaka 14 anaweza kupewa bajeti ya mboga ya wiki. Wiki ya kwanza mtakula mchicha siku nne mfululizo. Kuleni.

Hatua ya 6: Rekebisha mtu bila kumvunja

Kopo la vanishi la lita nne lilipotea. Fununu ilikuwa imeshazunguka karakana nzima, na wote walikuwa wakimtazama kijana mmoja. Zamani ningemwita mbele ya wote. Mathayo 18:15–17 inataka njia nyingine: nenda kwake, wewe na yeye peke yenu, asiposikia, chukua mmoja au wawili, ndipo lifike kwa wengi.

Nilimwita kando, chini ya mvinje. Sikumwambia "umeiba". Nilimwambia ninachokijua: Jumanne kopo lilikuwepo, Alhamisi halipo, na ufunguo ulikuwa kwako, nieleze. Akaeleza. Alikuwa amemwazima fundi wa jirani, akaona haya kunieleza kwa kuwa alijua nimekataza. Kopo lilirudi likiwa nusu. Tulikubaliana atalipa nusu hiyo kwa wiki nne, na mimi nikawatangazia wenzake kwamba hakuna mwizi karakanani. Hilo la kutangaza usilisahau. Ukimsafisha mtu sirini ilhali alichafuliwa hadharani, atabaki mchafu.

Kosa likiwa zito la kumfukuzisha mtu, kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira kinakudai umweleze tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini aliyemchagua, au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, na umsikilize kabla ya kuamua. Mimi naona ni Mathayo 18 imevaa koti la mahakama. Mkristo asiifuate kwa kuogopa kesi tu. Na hata ukimwachisha mtu kwa haki, mlipe siku alizofanya kazi, mpe barua yake, na uagane naye kwa mkono.

Hatua ya 7: Heshimu dini ya unaowaongoza

Nusu ya mafundi wangu ni Waislamu. Ijumaa mchana mashine zinanyamaza, na Mkristo anayebaki hapewi kazi ya mwenzake aliyekwenda kuswali. Ramadhani tunaanza mapema ili tumalize mapema, na kazi za kubeba mbao nzito zinakwenda asubuhi. Chakula cha mchana wasiofunga wanakula upande wa nyuma, na hawakuamriwa, walijipangia wenyewe. Maombi ya asubuhi tunayafanya dakika kumi kabla ya saa ya kazi, anayetaka aje. Sijawahi kuhesabu nani kaja. Sheria inakataza kubagua mtu kazini kwa dini yake, lakini hata isingekataza, imani inayomfikia mtu kupitia mkono unaomlipa mshahara ina hatari ya kuwa woga tu.

Hatua ya 8: Ukiwa wewe ndiye unayeongozwa

Hili nalipita kwa ufupi. Danieli alitafutwa kosa katika kazi yake, hawakuliona (Danieli 6:4). Ukiwa karani wa stoo, mpishi au dereva, uongozi wako ni hapo. Risiti iandikwe bei iliyolipwa. Mgeni apewe bei anayopewa mwenyeji, au aelezwe tofauti inatoka wapi. Bosi akikutuma uandike uongo, mwambie ukiwa naye peke yake na kwa heshima kwamba hilo hutaweza, na ujitolee kulifanya kwa njia iliyo sawa. Nilipokuwa msimamizi mahali fulani nililipwa kwa jibu hilo kwa kuhamishiwa zamu ya usiku miezi mitano. Weka akiba kidogo ya miezi hiyo, maana ukweli una gharama na watoto wanakula kila siku.

Hatua ya 9: Tafuta watu watatu wa kukuuliza

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe. Mwaka 2023 sisi wa Malindi tuliona magari yakileta miili kutoka msitu wa Shakahola. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja waliokuwa wamefunga kula, wakiwemo watoto wengi. Jamaa walikuja kutoka pande zote za nchi, wakatoa sampuli za DNA, wakangoja. Mji mzima uliongea kwa sauti ya chini miezi ile.

Nimejiuliza sana wazazi waliingiaje na watoto wao. Mimi ninaamini kwamba pale ambapo neno la mtu mmoja haliulizwi, na anayeuliza anaambiwa amepungukiwa imani, mauti iko karibu. Na nikitazama nyumba zetu za kawaida, naona mbegu ndogo ya jambo hilohilo: baba ambaye haulizwi pesa zinakwenda wapi, mchungaji ambaye haulizwi hesabu, mwajiri ambaye akiingia wote wananyamaza. 1 Petro 5:2–3 inawaonya wachungaji wasijifanye mabwana juu ya kundi, wawe vielelezo. Nehemia, akiwa liwali kwa miaka kumi na miwili, hakula posho ya liwali kwa sababu watu walikuwa wamelemewa, na aliliandika ili lipimwe (Nehemia 5:14–18).

Kwa hiyo chagua watatu. Mmoja awe mwanamke ambaye si mkeo. Mmoja awe mdogo kwako kwa umri. Mmoja awe mtu asiyekutegemea kwa shilingi wala kwa cheo. Wape ruhusa kwa maneno, mkeo akiwepo, na wape nambari ya mkeo na ya msimamizi wako ili wawaulize wenyewe. Mkutane mara moja kwa mwezi, saa moja yatosha. Maswali yetu ni haya: Kuna mtu unayemdai au anayekudai ujira? Kuna pesa mkeo hazijui? Umemwinulia nani mkono au sauti? Kuna mtu kazini unayejitafutia sababu za kuwa naye peke yako? Nani amekupinga mwezi huu, na ulimfanya nini?

Swali la mwisho ndilo zito. Miezi mitatu ikipita bila mtu kukupinga, watatu wako waende wakaulize kwa nini.

Ukianza wiki hii

Usitangaze. Ukiwakusanya watu ukawaambia kuanzia leo utakuwa kiongozi mtumishi, wataogopa zaidi. Lipa unachodaiwa kwanza. Kisha Jumapili jioni toa daftari, uulize lile swali.

Huenda mkeo asiseme kitu. Wangu alinyamaza Jumapili tatu. Alisema "Hakuna," akaingia ndani kuosha vikombe, na mimi nikaandika tarehe kwenye daftari nikaacha mstari mtupu. Jumapili ya nne alikaa kimya muda mrefu, akichambua mbaazi za kesho kwenye ungo. Kisha akaniambia habari ya mbuzi wawili aliopewa na baba yake, ambao niliwauza miaka minane nyuma bila kumwuliza, nikanunua msumeno wa umeme. Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye alikumbuka hata rangi zao.

Sikujitetea. Niliandika. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya na oda zilikauka, ikanichukua hadi Agosti kupata pesa. Tulikwenda sokoni Marikebuni pamoja, yeye akachagua, mimi nikashika kamba.